Uliza Bi: shali la Ayalandi, pipa la mkojo na marere ya babu zetu

Toleo lililopita nlijibu kwa mistari mitatu tu swali la mama mmoja kuhusu shali la sufu alilotumiwa kutoka Ayalandi, nkasema rangi yake imetoka kwenye mawe, basi wallahi simu yangu haijapumzika tangu siku hiyo. Wengine wanauliza, wengine wanabisha, mmoja kaniambia Bi umeanza kuzeeka sasa unatunga. Haya, leo safu nzima nawapa hiyo, maswali ya waume na ya mawifi yangoje mwezi ujao, hayaozi.

Assalaam aleikum Bi. Mimi ndo yule mwenye shali. Mdogo wangu ni nesi huko Galway, amenipa shali zito la sufu, rangi ya kahawia iliyoiva kama kutu, linanuka udongo na moshi. Aliemuuzia alimwambia rangi ni ya "crotal". Ulisema inatoka kwenye mawe, vipi jiwe litoe rangi? Na nilifue au nisilifue?
*Mama Nasra, Kisauni*

Waaleikum salaam mwanangu, usilifue kwanza, nsikize.

Jiwe lenyewe halitoi kitu. Crotal ni jina la kwao la yale magamba ya kijivu yanayoota juu ya mawe, si jani, si nyasi, ni kuvu na mwani wameoana wakaishi nyumba moja. Ukitaka kuona ndugu zake toka nje uangalie mnazi mkongwe, yale madoa meupe meupe ya kijivu kwenye gome, ndo jamii hiyo. Sasa wanawake wa mashambani kule Galway, Mayo na Donegal walikuwa wakitoka baada ya mvua, manake mvua ikinyesha magamba hulainika, likiwa kavu utakwangua mpaka kucha ziishe. Mtu ana kijiko kikuukuu au kisu butu, anakwangua, anatia kikapuni. Nyumbani kuna chungu cha chuma chenye miguu mitatu, kikubwa, kile kile cha viazi. Anapanga tabaka la magamba, tabaka la sufu, magamba tena, sufu tena, vile unavopanga biriani ya kutia dam, anamimina maji mpaka yafunike, halafu moto. Na moto wao si wa kuni, kuni hawakuwa nazo, ni ule udongo wa kinamasi wanaoukata vipande kama matofali wakaukausha, unawaka taratibu na moshi wake una harufu yake.

Hapo ni subira. Ukilitoa mapema linatoka rangi ya chai ya maziwa, ukiliacha masaa zaidi linakuwa kutu, zaidi ya hapo linakaribia kahawa tungu. Halitaki dawa ya kushika rangi hata kidogo, crotal ina asidi zake zenyewe zinazong'ang'ania sufu, ndo maana hata maskini wa mwisho alikuwa na nguo ya kahawia, alihitaji mwamba na chungu bas. Na hiyo harufu ya udongo unayoisikia ni ya crotal yenyewe, inakaa miaka, usidhani shali limeoza.

Kufua: maji baridi, shampuu kidogo ya nywele, libonyeze tu usilikamue, lilaze juu ya taulo kivulini. Mashine usisogee nayo karibu, litakurudia ukubwa wa kitambaa cha mtoto.

Haya mambo tunayajua vizuri kwa sababu moja inayonitia wivu. Kati ya 1937 na 1939 watoto wa shule za msingi Ayalandi walitumwa waende kwa mabibi na mababu wakaulize mambo ya zamani wayaandike, watoto kama 50,000 kwenye shule kama 5,000, na daftari zao zimehifadhiwa mpaka leo. Humo ndo unakuta mambo ya kutia sufu rangi kwa magamba ya mawe, kwa gome la mti wa kando ya mto, kwa mizizi, yameandikwa kwa mkono wa mtoto wa miaka kumi na kitu. Sisi hapa bibi zetu waliokuwa wakitia chane rangi kwa mizizi ya mdaa wamekwenda na daftari hatukununua.

Bi, mie ni fundi cherehani Majengo. Nimesikia huko Ulaya zamani walikuwa wanatia nguo rangi kwa MKOJO. Kweli au ni kuwasingizia watu? Na kama ni kweli nguo hiyo inasaliwa?
*Fundi wa Majengo*

Ni kweli baba, hata sikufichi. Na usiseme Ulaya tu, maeneo mengi duniani walitumia, kwa sababu mkojo ukikaa siku nyingi unageuka kuwa amonia, ile ile inayotiwa kwenye dawa za kusafishia vioo supamaketini, ila ile haina harufu ya babu yako ndani.

Kazi yake kubwa ilikuwa kwenye nili, yaani rangi ya buluu. Nili ni kitu kikaidi. Uitie majini haiyeyuki, inakaa chini kama mchanga, na kisichoyeyuka hakiingii kwenye uzi. Sasa huko mashambani Ayalandi mtu alinunua donge la nili dukani, analifunga kwenye kitambaa, analitumbukiza ndani ya pipa la mkojo uliokaa, kisha pipa linawekwa karibu na meko lipate joto. Nyumba nzima wanachangia pipa hilo, baba, mama, watoto, mgeni akilala naye pia. Kila siku mama anaenda anakifinyafinya kile kitambaa. Wadudu wadogo wasioonekana wanafanya kazi yao humo ndani, wanakula hewa yote mpaka nili inabadilika, inakubali kuyeyuka, na maji badala ya kuwa buluu yanakuwa ya kijanikijani yenye manjano, na juu povu la rangi ya shaba.

Hapa ndo napenda mimi. Anachovya sufu, anaiacha humo, anaitoa, na ikitoka SI BULUU. Inatoka manjano ya kijani kama embe bichi. Anaitikisa, anaipepea, na hapo hapo mbele ya macho inaanza kugeuka, kwanza kwenye ncha, halafu katikati, kijani, kijani ya bahari, buluu. Inayotia rangi ni hewa, pipa linafungua mlango tu. Ukitaka buluu nzito unarudia kuchovya tena na tena. Niliwahi kuona mtu anachovya nili kwa njia hiyo hiyo, si ya mkojo jamani, ni ya siku hizi ya poda, na watu wazima watano tulipiga kelele kama watoto wameona treni.

Kabla nili ya kutoka mbali haijafika Ayalandi walikuwa na mmea wao wa buluu, kwa lugha yao glaisín, wanaufanyia mambo yale yale.

Sasa kuhusu kuisalia, mie si sheikh na sitaki kwenda kujibu nisilolijua. Ninalojua ni kuwa sufu ikitoka pipani ilisuuzwa na kusuuzwa, manake bila hivo hakuna ambaye angeivaa. Hukumu muulize ustadh wako baada ya Ishaa. Na ikiwa hofu yako ni sweta la mtumba la Ayalandi ulilonunua Kongowea, tulia fundi, hizo ni rangi za kiwandani, pipa liliondoka zamani.

Habari Bi. Niko form three Likoni. Kutia nguo rangi Ayalandi ilikuwa kazi ya wanawake au wanaume?
*Mwanafunzi, Likoni*

Nyumbani ni wanawake, wanawake, wanawake. Na wanaume walikuwa wanafukuzwa kabisa.

Kuna kisa cha zamani sana cha mtakatifu wao mmoja anaitwa Ciarán, aliyeishi miaka ya 500 na akaanzisha makao ya watawa ya Clonmacnoise kando ya mto Shannon. Alipokuwa mtoto, mama yake siku moja alikuwa anatia nguo buluu, akamwambia toka nje, manake haikuwa vizuri mwanamume kuwemo nyumbani nguo zikitiwa rangi. Mtoto akaudhika akasema basi nguo hizo na zitoke na mstari wa kijivu. Na kweli, kila nguo ikatoka na mstari. Mama akatayarisha rangi tena, akamtoa tena, na safari hii nguo zikatoka nyeupe kama mfupa. Mara ya tatu mama akashika adabu, akamwambia mwanangu usiniharibie, iombee baraka, akaiombea, na hakujapata kuwa na buluu kama hiyo, hata masalio yake yaliyobaki yaliwageuza mbwa na paka na miti yaliyoigusa kuwa buluu.

Ukiniuliza mimi hicho kisa kinasema kitu cha kweli kabisa, pipa la nili linaharibika kwa jambo dogo, baridi kidogo tu, hewa kidogo tu, na mwenye pipa anatafuta wa kumlaumu. Kijana wa kiume amesimama mlangoni, si ndo huyo. Na wewe ushaona hapa kwetu bibi arusi akitonwa hina, mwanamume gani anathubutu kupitisha kichwa?

Lakini nje ya nyumba kulikuwa na mafundi wanaume wanaolipwa. Fundi wa rangi kwa lugha yao anaitwa dathadóir. Alikaa kwenye kimji karibu na mto, mara nyingi jirani na kinu cha maji cha kutwangia nguo, maji yanazungusha gurudumu, gurudumu linainua nyundo za mbao, nyundo zinatwanga kitambaa kilichotoka kufumwa mpaka kinene na kushikamana kisipitishe upepo. Mama amesokota uzi nyumbani, mfumaji wa kijiji amefuma, nguo inapelekwa kinuni, na akitaka buluu nzito au nyekundu ambayo chungu chake hakiwezi anampa fundi. Yaani nguo moja imepita mikono ya watu wanne kabla haijamfika mtu mgongoni. Hayo ndo uandike kwenye kompo yako, na usinitaje.

Bi, nimesoma habari ya magamba ya mawe nkakumbuka marere. Babu yangu mzaa mama alikuwa akisema zamani majahazi yalipakia pembe, karafuu, ngozi na marere. Nilidhani ni aina ya mwani. Je ndo kitu kimoja na hiyo crotal?
*Mzee wa Kibokoni*

Mzee wangu shikamoo, hili swali lako limenifanya nisilale. Wangapi hapa mjini bado wanalijua hilo neno? Niliuliza vijana saba kwenye baraza letu, mmoja alisema ni samaki, mwengine akasema ni jina la mchezaji.

Marere si mwani, ingawa yamefanana. Ni jamaa ya crotal, kuvu na mwani walioana, yananing'inia kama ndevu za mzee kwenye miti na majabali ya karibu na bahari. Si kitu kimoja kabisa na crotal ya kahawia, hapana, marere yana siri nyengine, ndani yake mna zambarau. Ila ukiyachemsha kwa maji peke yake hupati zambarau ng'o. Lazima uyaloweke kwenye amonia na hewa iingie, wiki kadhaa, ukoroge, ndo zambarau inazaliwa. Na amonia zamani ilitoka wapi? Tumesharudi kwa fundi wa Majengo.

Ayalandi na Uskoti nao wana magamba yao ya mwambani yanayotoa zambarau kwa njia hiyo hiyo ya pipa. Mskoti mmoja, Cuthbert Gordon, akaenda mbele zaidi, mwaka 1758 akachukua hati ya kumiliki namna ya kutengeneza poda ya zambarau kutokana na magamba hayo, akaiita cudbear, kwa jina la ukoo wa mama yake. Mahitaji ya viwanda vya Ulaya yakawa makubwa kuliko miamba yao, na magamba hayo yanakua polepole mno, ukishakwangua jiwe leo mjukuu wako ndo atakuja kukwangua tena. Ndipo wakaanza kuyatafuta kwengine, na katika karne ya 19 marere ya pwani hii yetu yalikuwa bidhaa, yakapitia Unguja yakapelekwa Ulaya kutia watu hariri na sufu zambarau. Kwa hivo babu yako hakukosea hata chembe.

Na wenyewe wa Ayalandi walikuwa na zambarau nyengine ya bahari. Kwenye kisiwa cha Inishkea Kaskazini, pwani ya Mayo, mchimbaji wa mambo ya kale Françoise Henry alikuta rundo la makombe madogo ya konokono wa baharini yamevunjwa, yote ya aina moja ile yenye tezi ya rangi. Unavunja kombe, unatoa kimaji kidogo cha rangi ya maziwa, unakipaka kwenye uzi, jua linakigeuza kijani halafu zambarau. Hesabu makombe mangapi kwa skafu moja. Watu wanaoishi na bahari, mzee, akili zao zinaelekea pamoja.

Kilichoua marere ni malaria, na sifanyi mzaha. Mwaka 1856 kijana wa Kiingereza William Henry Perkin, miaka 18 tu, alikuwa London anajaribu kutengeneza kwinini ya maabara, ile dawa ya malaria, kutokana na vitu vinavotoka kwenye lami ya makaa ya mawe. Kwinini hakupata. Alipata uchafu mweusi chupani, akauosha kwa spiriti, ukatoa zambarau. Akaanza kuuza. Miaka kama 13 baadae Wajerumani wakatengeneza nyekundu ya maabara iliyoua kilimo cha ile mizizi ya kutia nyekundu, na 1897 nili ya kiwandani ikaingia sokoni. Huko mashambani Ayalandi mama aliyekuwa akikwangua mawe akaanza kununua pakiti dukani kwa senti chache, chungu kimoja, nusu saa, hakuna pipa la kunuka. Ningekuwa yeye ningenunua pia, sitaki kujifanya. Hata bibi yangu siku alipojua kuna rangi za mikeka za unga pale Marikiti, pinki na kijani ile ya kuumiza macho, mdaa aliuwacha hapo hapo, hakuugusa tena mpaka anakufa.

Bi nina maswali matatu ya haraka. Ayalandi si nchi ya kijani, kijani walipata wapi? Mbona picha za zamani wanawake wao wamevaa nyekundu? Na ni kweli mfalme aliwakataza rangi?
*Shabiki wa safu, Tudor*

Kijani: ni ngumu kuliko unavodhani. Majani yote haya duniani ya kijani lakini ukiyachemsha mengi yanakupa manjano au rangi ya tope. Walitia manjano kwanza, halafu wakachovya kwenye buluu juu yake. Kwa hivo kila nguo ya kijani ni kazi mara mbili. Na kwa taarifa yako rangi iliyotumika kwa heshima ya mtakatifu wao Patrick kwenye nishani ya 1783 ilikuwa buluu.

Nyekundu: hiyo ni sketi nzito ya sufu ya wanawake wa Connemara na visiwa vya Aran, huko magharibi ya Ayalandi, ilivaliwa mpaka karne ya 20 imeshaingia. Mwanzoni ilitoka kwenye mizizi, baadae pakiti. Wanaume kwenye visiwa hivo walivaa sufu isiyotiwa rangi, nyeupe ya kondoo mwenyewe, wanaiita báinín, na kiunoni mshipi wa kufuma wa rangi nyingi unaoitwa crios. Na watoto wa kiume nao walivalishwa sketi! Sababu inayosimuliwa ni kuwa majini yao yalikuwa yanaiba watoto wa kiume, basi wanayadanganya yadhani ni msichana. Mcheke mkitaka, halafu mkamfute mtoto wenu lile doa la wanja kwenye paji la uso.

Mfalme: ni kweli. Waayalandi walipenda mashati mapana ya manjano ya zafarani, mapana kweli, nguo juu ya nguo. Mwaka 1537, enzi za Henry VIII wa Uingereza, sheria ikapitishwa kukataza shati la rangi ya zafarani na pia kukataza shati lenye kitambaa zaidi ya yadi 7. Walitaka wavae Kiingereza, waseme Kiingereza. Zafarani yenyewe ni ghali, kwa hivo mengi ya manjano yale inaaminika yalitoka kwenye mimea ya kwao tu. Lakini ona mtawala anavoanza na nguo. Nasi hapa pwani kaniki ilikuwa alama ya mtumwa na mtu wa chini, buluu iliyokaribia nyeusi, na waliopata uhuru kitu cha kwanza walitafuta leso ya maua.

Bi shikamoo. Baada ya kusoma niliamua kutia leso nyeupe ya pamba rangi ya maganda ya vitunguu, ilitoka dhahabu nzuri sana, kufua mara ya pili imebaki kama imemwagiwa chai. Nimekosea wapi?
*Dada wa Mikindani*

Marahaba mwanangu. Umekosea pale pale wanapokosea wote, umeangalia rangi hukuangalia dawa ya kushika rangi. Mabibi wa Ayalandi nao walinunua dawa hiyo dukani, ni shabu. Ndiyo, shabu hii hii ya kinyozi. Shabu ndo inayokamata uzi kwa mkono mmoja na rangi kwa mkono wa pili.

Na shida yako ya pili ni pamba. Wale walikuwa na sufu, sufu ni nywele, inapenda rangi. Pamba ni mmea, ni kama mtoto asiyetaka kula, inabidi uibembeleze. Fanya hivi. Pima leso ikiwa kavu. Ioshe kwa maji moto na sabuni mpaka itoke ule wanga wa dukani, hii watu wanaruka halafu wananilaumu mimi. Kisha iloweke usiku kucha kwenye maji ya majani ya chai meusi mazito au maganda ya komamanga, ili ipate ule ukakasi unaokausha ulimi, pamba inauhitaji huo kabla ya shabu. Asubuhi ikamue. Yeyusha shabu, gramu 15 kwa kila gramu 100 za nguo, kwenye maji moto, itumbukize nguo saa kadhaa. Maganda makavu ya vitunguu yawe uzito sawa na nguo, na ni mengi hayo, nenda kwa mwenye kibanda cha mboga atakupa gunia bure na atakushukuru. Chemsha maganda saa moja, chuja, tia nguo, moto mdogo saa moja nyengine, iache ipoe humo humo. Ianike kivulini. Na sufuria hiyo isirudi kupikia tena.

Ukinunua shabu onja kwa ncha ya ulimi halafu tema, lazima ikubane mdomo. Mimi niliuziwa mawe ya chumvi na bwana mmoja mwenye ndevu za heshima kabisa, nikatia leso nne, zote zikatoka madoadoa kama chui.

Na sufuria iwe ya stili au ile yenye rangi ya enameli isiyobanduka. CHUMA HAPANA, labda kama unataka kiza. Chuma na ukakasi vikikutana vinazaa weusi, ndo siri ya nyeusi yao ya Ayalandi, walichemsha sufu na gome lenye ukakasi halafu wakatia tope jeusi la kinamasi lenye chuma ndani, na ndiyo sababu hiyo hiyo maji ya gome la mkoko ukiyatilia misumari yenye kutu yanageuka wino. Mimi nilijifunza kwa njia mbaya. Mara yangu ya kwanza kabisa nilichukua karai la chuma la mama mkwe, lile la kukaangia viazi karai, sikumwomba, nkachemshia maganda ya vitunguu ndani yake na leso mpya ya pamba nyeupe niliyotaka iwe dhahabu ya sikukuu. Ilitoka rangi ya mzeituni uliooza. Leso nimeigeuza kitambaa cha kupangusia, karai nimelisugua kwa mchanga na ndimu siku mbili, na bado yeye kila akikaanga ananiuliza kama leo nina nguo ya kutia humo.